Mirathi ya mwenzi jijini Nairobi: ujisimamie, uajiri wakili, uende kwa Mdhamini wa Umma au kwa Kadhi?

Mjane akisharudi Nairobi kutoka mazishini mashambani, pole za majirani huja pamoja na swali moja: "Umeshapata wakili?" Nami niliulizwa hivyo mume wangu alipofariki, nikamtafuta wakili kabla sijafungua hata bahasha moja katika zile alizokuwa akiziweka juu ya kabati. Nilimkabidhi mfuko mzima wa karatasi kama ulivyokuwa. Baadaye nilitambua kwamba karibu nusu ya mali iliyotajwa katika karatasi zile haikuhitaji kufika mahakamani hata kidogo. Tangu hapo nimewasindikiza wanawake kadhaa wa chama chetu, na mgane mmoja, katika safari hiyo hiyo, na ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya yule ambaye yuko katika wiki za mwanzo na anatakiwa kuchagua njia huku machozi hayajakauka.

Njia zenyewe ni nne: kufungua mirathi mwenyewe mahakamani, kumwajiri wakili, kuiachia kazi ofisi ya Mdhamini wa Umma, ambayo ni ofisi ya serikali inayosimamia mali za marehemu, au, kwa Waislamu, kwenda kwa Kadhi. Hata hivyo, mtu hawezi kuchagua vizuri kati ya hizo kabla hajatenga mali inayopita mahakamani na ile isiyopita, na ndiyo maana ninaanza na huko.

Mali isiyomngoja hakimu

Chukua viwanja viwili vya ukubwa mmoja, vilivyonunuliwa mwaka mmoja, kimoja kikiwa kimeandikwa kwa jina la mume peke yake na kingine kwa majina ya mume na mke kama wamiliki wa pamoja wasiogawanya hisa. Mume anapofariki, kiwanja cha kwanza kinaingia katika mirathi na kitapitia kila hatua nitakayoieleza hapa chini. Cha pili hakiingii kabisa. Kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, mmiliki mwenza aliyebaki anapeleka uthibitisho wa kifo kwa msajili, jina la marehemu linafutwa, na ardhi inabaki kuwa yake nzima. Tahadhari ni moja: hatimiliki inaweza kuwa na majina mawili lakini ikaonyesha kwamba kila mmoja ana hisa yake, kwa mfano nusu kwa nusu, na hapo hisa ya marehemu itakwenda mirathini kama mali nyingine. Kwa hiyo hatimiliki isomwe yote, wala si majina tu, na upekuzi rasmi ufanywe katika masijala ya ardhi. Kwa ardhi ya Nairobi upekuzi huo hufanyika kupitia mfumo wa mtandaoni wa serikali uitwao Ardhisasa, uliozinduliwa mwaka 2021.

Pesa nazo zina tofauti ya namna hiyo. Akaunti ya benki iliyokuwa kwa jina la marehemu peke yake hufungwa benki inapoarifiwa kifo, ilhali akaunti ya pamoja yenye masharti kwamba aliyebaki anaendelea kuitumia haiathiriki vivyo hivyo. Mafao ya mpango wa pensheni wa mwajiri, chini ya Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997, si sehemu ya mirathi. Hulipwa na wadhamini wa mpango kwa kufuata kanuni zao. Akiba na hisa za ushirika wa akiba na mikopo humwendea yule ambaye mwanachama alimteua katika fomu, na bima ya maisha humwendea mnufaika aliyetajwa. Ushauri wangu hapa ni kwamba usimwulize mtu wa familia ni nani aliyeandikwa. Nenda ofisini na cheti cha kifo ukaulize mwenyewe. Wengi walijaza fomu hizo walipoajiriwa wakiwa bado makapera, wakamwandika mama au kaka, kisha wakaoa, wakazaa, wasizibadilishe kamwe. Ukilijua hilo mapema utajua ni mazungumzo gani unahitaji kuyafanya, tena kwa upole, na mama mkwe wako.

Ukishaitenga mali hii, kinachobaki ndicho kipimo cha kuchagua njia. Nimeona mirathi ambayo ilibaki na akaunti moja tu, na nimeona nyingine iliyobaki na shamba lenye watoto wa nyumba mbili. Hizo haziwezi kupewa dawa moja.

Kabla ya yote, hakikisha una kibali cha mazishi, cheti cha kifo na nakala zake kadhaa zilizoidhinishwa, cheti cha ndoa, vitambulisho vya nyote wawili na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kila njia itavidai.

Kufungua mirathi mwenyewe

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inamweka mwenzi aliyebaki mbele ya wengine wote katika kuomba usimamizi pale ambapo hakuna wosia. Hili wengi hawalijui, na shemeji wengi hawalisemi. Huhitaji ruhusa ya ukoo wa mumeo ili uombe, ingawa chifu ataandika barua ya kuwataja walioachwa, na barua hiyo ndiyo ambayo karani wa masijala ataiulizia kwanza. Pia huhitaji kwenda kufungua kesi mahali shamba lilipo. Ikiwa makao ya mwisho ya marehemu yalikuwa Nairobi, basi mirathi inaweza kufunguliwa Nairobi hata kama ardhi iko Nyeri au Siaya.

Mahakama ya kuendea inategemea thamani ya mali. Hakimu Mkuu ana mamlaka hadi shilingi milioni 20, na mahakimu wa vyeo vya chini wana viwango vidogo zaidi. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, ambayo kwa Nairobi ina kitengo cha familia huko Milimani. Ombi huwasilishwa kwa fomu namba 80 pamoja na hati ya kiapo ya fomu namba 5 inayoorodhesha mali, madeni na warithi, ridhaa za wenye haki kwa fomu namba 38, na fomu za wadhamini, yaani watu wanaokubali kuwajibika msimamizi akikosea, zote zikiwa zimeapwa mbele ya kamishna wa viapo. Tangu tarehe 1 Julai 2020 mahakama za Nairobi hupokea nyaraka kwa mtandao, jambo ambalo limewapunguzia watu foleni, ingawa wazee na wasiozoea kompyuta hulazimika kumlipa kijana wa saiba awapakilie. Ukimlipa, kaa kando yake na usome kila jina kabla hajatuma, kwa sababu herufi moja isiyolingana na kitambulisho inaweza kukurudisha nyuma wiki kadhaa.

Baada ya hapo tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, nao wenye pingamizi hupewa siku 30. Asipojitokeza mtu, unapewa hati ya usimamizi. Watu hufurahi sana siku hiyo, nami sipendi kuwavunja moyo, lakini hati hiyo ni nusu ya safari. Inakupa mamlaka ya kukusanya na kulinda mali, kudai madeni na kushtaki kwa niaba ya mirathi. Haikupi ruhusa ya kugawa mali yenyewe wala kuuza ardhi. Kwa hayo unahitaji cheti cha uthibitisho, ambacho kwa kawaida huombwa baada ya kupita miezi 6 tangu hati kutolewa, na ndicho kinachoonyesha ni nani anapata nini. Benki nyingi na masijala ya ardhi huulizia cheti hicho. Mahakama inaweza kuthibitisha mapema ikiridhika kuna sababu, kwa hiyo aliye na karo inayodaiwa au ugonjwa nyumbani asikae kimya akihesabu miezi.

Njia hii ina gharama ndogo kuliko ya wakili na inakufundisha mali yako mwenyewe. Inamfaa mtu ambaye ndoa yake ina cheti, warithi wake wote wanajulikana na wanakubaliana, na mali yake haina mgogoro wa mpaka wala deni kubwa. Haimfai mwenye haraka ya kurudi kazini asiyeweza kuomba ruhusa mara kwa mara, kwani hakuna atakayefuatilia faili lako ila wewe.

Wakili

Wakili ni ghali, na ada yake hufuata viwango vilivyowekwa kisheria ambavyo hupanda kwa kadiri ya thamani ya mali, juu ya gharama za mahakama. Kwa hiyo swali la maana ni unanunua nini. Ikiwa unanunua mtu wa kujaza fomu tu, ninaona ni pesa nyingi kwa kazi ambayo ungeiweza. Ikiwa unanunua mtu wa kusimama kati yako na mgogoro, ni pesa iliyotumika vizuri, na hapo usibane.

Kuna hali tatu ambazo kwangu hazina mjadala. Ya kwanza ni nyumba ya pili. Marehemu aliyekuwa na wake zaidi ya mmoja mali yake hugawanywa kwanza kati ya nyumba kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba, na kila mke aliye hai akihesabiwa kama mtu mmoja wa kuongezwa katika nyumba yake. Kwa mfano, nyumba yenye mke na watoto 4 ina vichwa 5, na yenye mke na mtoto 1 ina vichwa 2. Mali hugawanywa kwa 7. Mke wa kwanza mara nyingi hudhani atachukua nusu, mke wa pili naye hudhani vivyo hivyo, na hesabu ikishatolewa hadharani kila mmoja anahitaji wa kumweleza kwa utulivu. Zaidi ya hayo, kumficha mke mwenzako au mtoto wake katika ombi ni kuijenga nyumba juu ya mchanga, kwa maana mahakama inaweza kuifuta hati ya usimamizi iliyopatikana kwa kuficha jambo la maana, hata baada ya miaka.

Ya pili ni ndoa isiyo na cheti. Nairobi ina watu wengi walioishi pamoja miaka 15, wakalea watoto na kujenga, pasipo harusi ya kanisani wala ya serikali. Mahari iliyopokelewa, mashahidi wa sherehe za kimila, na jinsi jamii ilivyowatambua ni ushahidi unaoweza kukubaliwa, lakini ni lazima upangwe vizuri tangu mwanzo, na hiyo ni kazi ya wakili. Asiyeweza kumlipa aulizie FIDA Kenya au Kituo cha Sheria, mashirika ambayo yana historia ndefu ya kuwasaidia watu wa aina hii, au huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa chini ya sheria ya 2016.

Ya tatu ni pingamizi lenyewe. Hata hivyo, likitokea, muulize wakili kwanza kuhusu upatanishi ulio chini ya mahakama, ambao ulianza kwa majaribio hapo Milimani mwaka 2016 katika vitengo vya familia na biashara. Wakili anayekataa kulizungumzia jambo hilo, huku akiwa tayari kukuhesabia vikao vya kesi, mimi singekaa naye.

Mdhamini wa Umma

Ofisi hii iko chini ya Mwanasheria Mkuu, na watu wengi huijua kwa sababu ya malipo ya watumishi wa serikali waliofariki. Inaweza kusimamia mali ndogo kwa njia ya mkato, pasipo mjane kupitia mlolongo wote wa mahakama niliousimulia. Mjane hupeleka cheti cha kifo, barua ya chifu na nyaraka za mali, familia huitwa na kuulizwa, kisha ofisi hukusanya fedha na kuzigawa kwa kufuata sheria, ikitoza ada yake.

Ukiilinganisha na kufungua mwenyewe, inakuondolea viapo, wadhamini na mavazi ya mahakamani, na inafaa sana pale ambapo kilichobaki ni fedha tu, au pale ambapo ndugu hawaaminiani kiasi cha kutokubali yeyote kati yao ashike mali. Unachopoteza ni usukani. Uamuzi wa lini na kwa mpangilio gani uko kwa ofisi, si kwako. Kwa mirathi yenye ardhi ambayo mjane anaishi juu yake, mimi ningechagua mahakama, hata kama ni kazi zaidi, kwa sababu mwenye kulala ndani ya nyumba hiyo anafaa awe ndiye mwenye sahihi.

Kadhi

Kwa Mwislamu aliyefariki, mali yake hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ikiwa wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa nayo. Hapa ulinganisho wa kweli uko katika fungu. Chini ya Sura ya 160, mwenzi mmoja aliyebaki na watoto anapata vyombo vya nyumbani na vya binafsi kuwa vyake kabisa, halafu anapata haki ya kutumia mali iliyobaki maishani mwake, na watoto huirithi baadaye. Kwa Kadhi, mke mwenye watoto anapata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na asiye na watoto robo. Mume aliyefiwa anapata robo akiwa na watoto, na nusu kama hakuna. Fungu ni dogo kwa hesabu, lakini ni lake moja kwa moja, analoweza kuuza au kutoa bila kumuuliza mtoto. Haki ya maisha, kwa upande mwingine, ni pana lakini imefungwa: mjane akitaka kuuza sehemu ya ardhi kwa ajili ya matumizi yake, anahitaji ridhaa ya wasimamizi wenzake na ya watoto wote watu wazima, na kwa mali isiyohamishika ni lazima mahakama ikubali.

Wajane wa Eastleigh na South C huniuliza ikiwa wasubiri eda ya miezi minne na siku kumi iishe ndipo waanze. Karatasi nyingi za mwanzo, kama cheti cha kifo na barua ya chifu, zinaweza kufuatiliwa na mtoto au ndugu kwa niaba yao, na wala eda haiwi sababu ya mtu mwingine kugawa mali bila wao.

Mtu wa pili kwenye hati

Kuna uamuzi mmoja ambao naona unazidi hata ule wa njia, nao ni wa nani atasimama nawe. Marehemu asiyeacha wosia akiacha watoto walio chini ya miaka 18, sheria inataka wasimamizi wasiopungua wawili, kwa sababu sehemu ya watoto inakuwa amana. Na wasizidi wanne. Kwa hiyo mjane mwenye watoto wadogo hawezi kuwa peke yake, atake asitake.

Familia humpendekeza shemeji. Shemeji mwema ni baraka, na anatuliza ukoo, lakini mjane akumbuke kwamba kuanzia hapo, benki na masijala ya ardhi zitataka sahihi mbili, na aliyesusa anaweza kuizuia mirathi yote kwa kutopokea simu. Mtoto aliyekwisha kufikisha miaka 18 ana maslahi yanayofanana na yako na anaishi karibu nawe, ingawa wakati mwingine hulemewa na mambo ya watu wazima kabla ya wakati wake. Dada yako wa kuzaliwa anaaminika kwako lakini huamsha maneno upande wa pili. Mimi nilimchagua mtoto mkubwa, na ningemchagua tena. Kwa aliye na watoto wadogo pekee, namshauri amtafute yule ndugu wa marehemu ambaye aliwahi kushika fedha za watu wengine, za kanisa, msikiti au chama, akazirudisha zikiwa kamili. Sifa hiyo haijifichi kijijini.

Njia ya mkato inayoonekana rahisi

Wapo watakaokwambia uzitoe pesa kwa namba ya siri ya marehemu kwenye simu au kwa kadi yake, au umuuzie jirani gari "kabla mambo hayajaanza". Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinalifanya kosa tendo la kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka, kwa faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini inaweza kuonekana ndogo, lakini sheria inamtaka pia mtu huyo awajibike kwa msimamizi halali kwa kiasi alichokigusa, na shemeji asiyekupenda atalitumia tendo hilo kukupinga usiwe msimamizi. Ikiwa kuna mali inayoharibika au kodi ya nyumba inayohitaji kukusanywa mara moja, omba hati ya muda ya kukusanya na kuhifadhi mali. Ikiwa marehemu alikuwa na kesi, kwa mfano ya ajali ya barabarani, omba hati ya muda ya kuendesha kesi hiyo tu. Zote hizo hutolewa kabla ya hati kamili, na hazikupi ruhusa ya kugawa chochote.

Ningechagua nini

Mirathi ikibaki na fedha kidogo pekee, ningeanza kwa Mdhamini wa Umma. Ikibaki na kiwanja kimoja au nyumba, cheti cha ndoa kikiwepo na watoto wakiwa wangu na marehemu, ningefungua mwenyewe kwa hakimu, na nikikwama kwenye fomu ningemlipa wakili anipitie nyaraka mara moja tu, jambo ambalo baadhi yao hulikubali. Palipo na nyumba ya pili, ndoa isiyo na cheti, biashara yenye wabia, au wosia ambao mtu tayari ameshaunung'unikia, ningekwenda kwa wakili moja kwa moja, hata kama ni kwa kukopa chamani. Mwislamu ambaye familia yake yote inamkubali Kadhi hana sababu ya kuzunguka kwingine, ila ahakikishe amri ya Kadhi imeandika namba kamili ya kila hatimiliki, kwa sababu msajili wa ardhi husajili kile kilichoandikwa.

Cheti cha uthibitisho kikishatoka, msimamizi ana miezi 6 ya kukamilisha ugawaji na kuiarifu mahakama kwa hesabu kamili. Miezi hiyo huisha haraka. Tumia mwezi wa kwanza kuhamisha ardhi, wa pili gari na benki, na kabla ya kufunga hesabu utafute jina la marehemu kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, kwa sababu akaunti iliyolala miaka mitano na gawio la hisa alizonunua akiwa kijana huishia huko. Mgane niliyemsindikiza aliikuta huko akiba ya mkewe ambayo hakuwahi kuisikia, na ada ya kidato cha tatu ya binti yao ikatoka humo.